Jumamosi Zetu za Ugenini

9 Machi

Dada yangu,

Umelalamika kwamba barua yangu ya kwanza ilikuwa fupi kama tangazo la mkutano. Haya, weka mkasi chini, leo nimejaa.

Huu ni mwezi wa nne tangu tufike. Nyumba tuliyopewa na kampuni ina chumba kimoja, jiko la ukubwa wa kabati lako la vitambaa, na dirisha linaloangalia maegesho ya magari. Walisema ni ya watu wawili na kweli ni ya watu wawili. Wa tatu akija labda aning'inizwe mlangoni pamoja na makoti. Shemeji yako anatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kwenye mitambo ya kusafisha maji, na jioni anarudi ananuka dawa ya maji kutoka utosini. Mimi kibali changu hakiniruhusu kufanya kazi. Nafagia, na kabla mgongo haujainama vizuri nimeshamaliza.

Siku yetu ni Jumamosi. Yuko Mpima, mpima ardhi wa kampuni hiyohiyo, na mkewe. Yuko pia Daktari wa Meno, mwanamke anayeishi peke yake ghorofa ya juu yetu, ambaye akicheka utadhani mlango haujatiwa mafuta. Wote ni wageni hapa, kila mmoja na kwao, na tunaelewana kwa lugha ya kuokoteza. Mchana tunakwenda matembezi, jioni tunakaa kwa Mpima kucheza karata, ludo, na ule mchezo wa kuigiza neno bila kutoa sauti. Juzi shemeji yako aliigiza pasi ya umeme. Alijiunguza, akapuliza vidole, akarukaruka, mpaka Daktari wa Meno akainuka kumtafutia barafu. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Mwambie Chiriku wangu kwamba huku wanakodisha baiskeli ya viti viwili. Baba yake alikaa mbele, mimi nyuma, na mlimani sikukanyaga hata kidogo. Hajui mpaka leo.

Novemba si mbali.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimemsomea Chiriku barua yako mara mbili. Kwenye pasi alicheka mpaka akakohoa. Kwenye baiskeli hakucheka. Aliuliza, "Mimi ningekaa wapi?" Nikamwambia mbele, kwenye usukani. Akasema huko atamziba baba asione njia. Nikaiacha hapo.

Ni mzima. Jino la mbele limeng'oka, akalifunga kwenye kitambaa akasema anakuwekea. Shuleni mwalimu wake analalamika kwamba anaongea kupita kiasi, nikamjibu jina la Chiriku hatukumpa bure. Sare za shule zimenijaa hapa, nashona magauni ya mistari ya bluu mpaka nikifumba macho naona mistari.

Unajua nyumba hii haikuwahi kuwa na kelele. Mtu asiye na mume wala mtoto anazoea kusikia cherehani tu. Sasa nasikia nyayo.

Amechora miezi kwenye ukuta wa jikoni na anaifuta mmoja mmoja. Usichelewe Novemba.

Dada yako


20 Juni

Dada yangu,

Sisi tuko salama na tumechoka vizuri. Jumamosi iliyopita tulipanda kilima kilicho nyuma ya bwawa. Mpima alikuja na ramani, dira na kamba, akatupoteza kwa saa tatu. Tukarudi kwa kumfuata mbwa. Hakuwa mbwa wetu, alikuwa anakwenda kwao tu, na bahati nzuri kwao kuko karibu na kituo cha basi.

Jioni mke wa Mpima alitoa mchezo mpya. Unachota kadi ya njano, unaisoma kwa sauti, unamwelekezea unayemtaka, naye lazima ajibu papo hapo. Yeye mwenyewe aliulizwa amewahi kuiba nini, akasema taulo la hoteli. Mpima akaruka, "Kumbe!" maana ndilo analofutia uso kila asubuhi. Na sisi tuliulizwa letu, tukajibu, mchezo ukaendelea.

Jumapili tulilala mpaka saa nne. Hakuna wa kutuamsha.

Shemeji yako anakusalimu sana. Huku wamempa jina la Bwana Turufu, na linamkaa.

Mdogo wako


28 Septemba

Dada yangu mpenzi,

Naandika hii nimesimama, nikikaa nitaichana.

Hatuji Novemba. Kampuni imemwomba shemeji yako aongeze mwaka mmoja na ameshakubali. Nimeambiwa wiki iliyopita. Lakini safari hii watatupa nyumba ya vyumba viwili, na mtoto anaruhusiwa kuja. Ndani ya bahasha hii kuna fomu. Ijaze sehemu ya mlezi, utie sahihi, uipeleke ofisini mjini igongwe muhuri, uweke na picha zake nne. Mwisho wa kuipokea huku ni mwisho wa Februari.

Mweleze wewe. Unajua kumweleza mambo kuliko mimi.

Mdogo wako


25 Oktoba

Mdogo wangu,

Fomu imefika. Afisa anayegonga muhuri yuko likizo. Mpiga picha naye mashine yake imeharibika.

Chiriku nimemweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kupaka chokaa juu ya ile miezi ya ukutani, yote, hata iliyokuwa imeshafutwa.

Ile barua yenu ya Juni sikumsomea yote. Mwisho niliuruka. Wewe ni mama yake, una haki zako, mimi sisemi kitu. Ila mngeniuliza kwanza. Sisemi mngeniomba ruhusa, mngeniuliza tu.

Dada yako


11 Januari

Dada,

Hii ni barua ya tatu naulizia fomu. Huyo afisa likizo yake haiishi? Kama mpiga picha wenu ni mbovu, si yuko mwingine? Sitaki tukosane, nataka fomu.

Tumeshahamia. Chumba cha pili nimekiwekea kitanda kidogo chenye shuka za manjano. Wenzetu wakija Jumamosi wanarundika makoti yao juu yake. Wiki iliyopita mke wa Mpima aliuliza ni kitanda cha nani, nikasema cha mgeni. Akasema, "Mgeni mfupi."

Siku hizi karata zinanichosha. Naanza kushindwa makusudi ili twende nyumbani mapema.

Tafadhali dada.

Mdogo wako


15 Februari

Shemeji yangu mheshimiwa,

Naandika nikiwa kazini, chumba cha pampu, kwa hiyo ukiona karatasi imelowa usidhani ni machozi. Kuna bomba linavuja na fundi wake ni mimi.

Shemeji, mimi si mtu wa barua. Mdogo wako ndiye mwenye kalamu nyumbani, mimi nina mdomo tu, na mdomo wenyewe umeanza kunipa taabu. Jumamosi sasa nakwenda peke yangu. Yeye anasema kichwa kinauma. Mpima akauliza kama tumegombana, nikaigiza mtu anayeumwa kichwa, wakacheka, nikacheka nao. Kisha nikaona aibu mpaka nikaondoka kabla ya zamu yangu.

Jumanne nilitoka kazini mapema nikamkuta amekaa kwenye benchi lililo mbele ya shule moja karibu na kwetu. Watoto walikuwa wanatoka. Hakuniona. Nikapita upande wa pili wa barabara kama mwizi.

Nikuambie jambo ambalo yeye halijui. Kampuni haikuniomba niongeze mwaka. Niliomba mimi. Huko nyumbani nilikuwa fundi wa kumshikia fundi mwingine taa. Huku pampu ikinyamaza, watu kumi wanasimama wananitazama mimi. Na zile Jumamosi, Shemeji, sikuwahi kucheka hivyo tangu nikiwa mdogo. Nikajiambia mwaka mmoja zaidi, mtoto yuko kwenye mikono mizuri. Na ni kweli yuko kwenye mikono mizuri. Hilo ndilo lililonifanya niwe mzembe.

Naomba usimwambie. Nitamwambia mwenyewe. Ila tafadhali, fomu imefikia wapi? Zimebaki wiki mbili.

Shemeji yako


6 Machi

Kwa mama mdogo,

Mwalimu amesema kila barua iwe na dhumuni. Dhumuni langu ni kukuambia usitume fomu nyingine. Ile ya kwanza iko kwenye droo ya zipu. Naiona nikitafuta zipu.

Mimi ni mzima. Nimekuwa wa nne darasani. Jino limeota, ni kubwa kuliko yote.

Tumejifunza majina ya jamaa. Mwalimu aliuliza, mdogo wake mama anaitwa nani? Nikanyoosha mkono nikasema mama mdogo. Nikapata. Halafu nikafikiri. Mama ndiye ananisuka na kunifulia na kunipeleka kwa daktari, na wewe ni mdogo wake. Kwa hiyo wewe ni mama mdogo.

Sasa najua kusoma mwenyewe. Barua zako zote nimezisoma, hata pale mama anaporuka. Mimi huamka saa kumi na mbili. Ningewaamsha.

Msalimie baba mdogo. Mwambie ile ya pasi nimeifanya darasani, wote wakacheka.

Ni mimi, Chiriku


2 Aprili

Dada,

Fomu iko kwenye droo ya zipu.

Nimeisoma barua ya mtoto nikiwa kwenye ngazi, sikuweza kufika mlangoni. Daktari wa Meno alinikuta hapo akadhani nimeanguka. Miezi sita unaniandikia afisa yuko likizo! Miezi sita nakunja na kukunjua shuka za manjano! Nilikuandikia barua nyingine kabla ya hii, kurasa nne, ya matusi matupu. Nimeichana, maana nilipofika ukurasa wa nne nilikuwa najitukana mwenyewe.

Sasa nisikilize, kuna jambo nilikuficha.

Zile kadi za njano. Jioni ile mke wa Mpima alichota moja, akamwelekezea mume wangu: "Mna watoto wangapi?" Akajibu, "Hatuna." Papo hapo, kama mtu anayetupa karata ndogo. Nilimtazama. Yeye akanitazama. Baadaye alisema lugha ilimshinda, kueleza kwamba tunaye lakini yuko mbali, kwa dada, kwa sababu ya chumba, kwa sababu ya mkataba, kulihitaji maneno mengi. Sawa. Lakini mimi nilikuwepo, dada. Lugha hainishindi. Ningesema, "Anatania, tuna binti, ana miaka saba." Ni maneno sita tu. Sikutaka kuharibu jioni ya watu. Mke wa Mpima akanishika mkono kwa huruma, na mimi nikautuliza mkono wangu hapo, nikahurumiwa.

Tangu siku hiyo Jumamosi zote wananiita mimi kwanza. "Ninyi hamna wa kumkimbilia nyumbani, kaeni." Tukakaa. Wameweka makoti yao juu ya kitanda cha mwanangu na nikawashukuru kwa kuja.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa Mpima baada ya wiki nyingi. Nilikataa kukaa. Nikasema, "Tuna binti. Ana miaka minane. Anaitwa Chiriku kwa sababu hanyamazi."

Mume wangu akazishika karata zake kama zimemganda mkononi. Mpima akasema, "Lakini mlisema..."

"Tulisema uongo."

Mke wa Mpima hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliuliza tu, "Mwaka mzima. Kwa nini?"

Nikamwambia, "Ilikuwa rahisi." Hakuna jibu lingine, nimelitafuta.

Tukatembea nyumbani na mume wangu, na tulipofika kituo cha basi akaniambia la kwake kuhusu mkataba. Kumbe wewe ulilijua tangu Februari. Sote tumeficha, sijui nimkasirikie nani kwanza. Nimeanza na yeye kwa sababu yuko karibu.

Nakuja. Sisemi nakuja kumchukua. Nakuja.

Mdogo wako


26 Aprili

Mdogo wangu,

Sina la kujitetea. Mpiga picha alikuwa mzima. Picha nne zilipigwa Oktoba ileile, ninazo, ametoka vizuri sana na ndicho kilichoniponza. Nilizitazama nikaona naombwa nigongeshe fomu muhuri, niitie pamoja nazo kwenye bahasha, kisha nirudi kusikiliza cherehani. Nikaweka vyote kwenye droo. Kila asubuhi nilisema leo nitakwenda mjini. Februari ikaisha nikapumua, nikala vizuri, nikalala. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba nililala.

Neno "mama" sikumfundisha. Alianza akiwa na homa mwezi wa nane. Ningemsahihisha na sikumsahihisha. Nilisema ana homa. Homa iliisha, neno likabaki, nikajifanya sisikii.

Barua yake niliiona kabla haijatumwa. Ilikaa nami siku mbili juu ya meza ya kukatia. Ningeweza kumwambia aandike upya, mwanafunzi anaandika upya akiambiwa. Nikabandika stempu. Angalau hilo nimelifanya kwa mikono yangu.

Njoo. Usilete zawadi nyingi, atakuona kama mgeni. Na usimwambie afungashe. Mengine tutazungumza tukiwa tumekaa, mimi na wewe, kama zamani tulipogawana kitanda kimoja na kupigana mateke.

Dada yako


12 Julai

Mume wangu,

Wiki ya tatu leo. Umeuliza kwenye barua yako kama nimefika salama na kama nimekusamehe. Nimefika salama.

Siku ya kwanza alikuwa amesimama nyuma ya cherehani. Amerefuka, ana magoti yako. Akasema, "Shikamoo mama mdogo." Nikasema, "Marahaba." Dada akashindwa kuvumilia: "Chiriku, huyo ndiye mama yako." Mtoto akajibu bila ubishi wowote, "Najua. Nimeona picha." Akaendelea kupanga vifungo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Kwa "najua" sikujiandaa.

Dada na mimi tumezungumza siku mbili, tukalia kidogo na kugombana zaidi. Tumekubaliana hivi. Mtoto haondoki nyumba hii mpaka atake mwenyewe, na asipotaka, haondoki. Mimi nalala chumba cha cherehani, kwenye godoro, katikati ya sare za watu. Yeye analala na dada kama alivyozoea. Dada amempa nafasi ya kuchagua jina la kutuita, na mtoto amesema atafikiria. Kwa sasa dada ni mama na mimi naitwa "wewe". Nimepanda au nimeshuka, sijui. Dada anasema nimepanda.

Nimepata kazi ya kuchapa barua kwenye ofisi ya mwanasheria, asubuhi tu. Kwa hiyo wewe malizia mkataba wako, sikuvuti. Pampu zako zikinyamaza nenda ukazitazame. Novemba ukija, njoo ukijua kwamba utaitwa "wewe" pia, na kwamba hilo la sahihi yako bado liko kati yetu, sijalimaliza. Usinihimize. Mke wa Mpima ameniandikia barua nzuri, mwambie nitamjibu. Kile kitanda kidogo mpe Daktari wa Meno, alisema mpwa wake anakuja.

Sasa nikueleze la leo, ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kila asubuhi namsindikiza shule. Sharti lake ni kwamba nisitembee naye. Nibaki nyuma hatua kumi, kwa sababu wenzake watauliza mimi ni nani na jibu ni refu. Nimekubali. Nazihesabu kweli, maana anageuka kunikagua. Wiki ya kwanza zilikuwa kumi. Wiki ya pili nikaona anatembea polepole, zikawa saba, nane, nami nikawa napunguza mwendo ili nisivunje sharti.

Leo tulipofika kwenye kona ya duka la vitabu akasimama. Nami nikasimama. Akaniangalia, akasema, "Wewe unakaa mpaka lini?"

Nikamwambia, "Sijapanga kuondoka."

"Hata Novemba?"

"Hata Novemba."

Alivua mkoba wake mgongoni, akauweka chini katikati ya njia, akaendelea na safari bila kugeuka. Nilipoufikia nikaelewa kwamba nimeachiwa niubebe. Ni mzito huo mkoba, sijui watoto wa siku hizi wanasomeshwa nini. Nikauweka begani nikamfuata. Mlangoni pa shule wenzake watatu walikuwa wanamsubiri, na mmoja akanionyesha kidole akamuuliza kitu. Sikusikia alichojibu. Nilimwona tu akijibu, kwa maneno mengi, kwa mikono yote miwili, kama kawaida yake, na wale watatu wakageuka kunitazama.

Akanyoosha mkono. Nikampa mkoba wake, akaingia darasani.

Mkeo